Sahani Inampita Ndugu Asheri

Jumapili, 3 Agosti 2025

Meza ya Bwana leo. Waliokula: 186. Nilihesabu mara mbili kama kawaida yangu. Mara ya pili nikakuta nimemhesabu na Ndugu Asheri. Nikamfuta. Yeye hakula.

Kanuni ya kanisa letu ni ya zamani kuliko mimi. Mgeni hali mkate mpaka barua ya kanisa alikotoka isomwe na karani mbele ya watu wote, kisha aandikwe kwenye daftari la washirika. Karani ni mimi. Barua haijafika. Basi tangu Machi Ndugu Asheri anakalishwa kiti cha mbele kabisa, kile chenye mto, na kila mwezi sahani ikifika kwake Mzee Mulei anaiinua kidogo, inampita, inamshukia anayefuata. Mbele kuliko sisi wote, na bado hali mkate.

Ningemhurumia. Lakini leo Mchungaji Gabriel kamwita "kaka yetu mkubwa katika imani", watu wakapiga makofi! Kisa ni Myahudi wa Haifa anayemwamini Yesu. Mimi nimekaa ofisi hii miaka mitatu. Hakuna aliyenipigia makofi. Hata mwaka ule nilipopanga daftari zote upya tangu 1961, vumbi mpaka kifuani.

Baada ya ibada, Mama Wakesho wa kwaya akaja na wazo. Wapate pembe, Ndugu Asheri aipulize kabla ya nyimbo, kama Yerusalemu. Ya tandala ndiyo nzuri, akasema, ina mizunguko. Mchungaji karibu aanguke. "Mama Wakesho! Tuko Voi! Watu wa wanyamapori wakikuta pembe ya tandala madhabahuni tutalala ndani na kwaya yote." Wakakubaliana ya mbuzi. Ndugu Asheri mwenyewe akasema taratibu, "Mama, mimi sijawahi kupuliza pembe. Shuleni nilipiga ngoma, na nilipiga vibaya." Wote wakacheka. Hata akikataa anapendwa.

Ila nina jambo langu. Mchungaji kanipa somo la tarehe 24. Nitafundisha mimi! Ile sura ambayo Paulo anaeleza mzeituni, matawi yaliyokatwa na ya mwitu yaliyopandikizwa, Wayahudi na sisi wa mataifa mti mmoja. Mara ya kwanza kusimama. Nimeiandika kwenye kalenda kwa herufi kubwa.

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha wazee. Nimeandika kumbukumbu kurasa nne.

Mzee Mulei ndiye mwenyekiti wao. Anataka barua. Ndugu Asheri aliwahi kuileta kwenye simu, akaambiwa barua ya simu si barua. "Iko wapi karatasi? Uko wapi mhuri?" Kwa hiyo Juni niliandikia kanisa la Haifa, walete kwa posta. Tunangoja.

Halafu Mzee Mulei akaingia kwenye Sabato. Jumamosi huyu mtu anafunga mlango, hapokei hata simu, Jumapili yuko kwetu. Ana Mungu wangapi? Aache Jumamosi kwanza ndipo tumpokee. Mchungaji akamjibu: Mzee, umekula muthokoi wako, mahindi yenu ya Ukambani, hapa Voi karibu miaka arobaini, kuna Mtaita amekwambia muthokoi ni dhambi? Wengine wakacheka. Mzee Mulei hakucheka. Akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye nimecheka. Sikucheka! Nilikuwa naandika.

Uamuzi: barua ikisomwa, anapokelewa na Jumamosi yake. Isipofika kufikia Meza ya Septemba, jambo limefungwa. Mkataba wake wa mradi wa ovakado unaisha tarehe 30 Septemba. Kwa hiyo ni tarehe 7 Septemba, au basi.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Anayeujadili ni Mzee Mulei.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku yangu ya mapumziko. Nimepanda milimani, Werugha, kumwona Nyanya. Ukungu mpaka saa tano, huoni zizi la ng'ombe.

Nilipofika mlangoni nikaona mgongo wa Babu.

Nasema kweli. Lile koti lake jeusi la sufu, lililoning'inia nyuma ya mlango tangu tulipomzika 2011. Mimi hata kuligusa naogopa. Nilijua tu kwamba siku moja Nyanya ataniita aniambie, Festus, chukua. Sikuwahi kuomba. Mtu haombi kitu kama hicho. Likageuka, na ndani yake yuko Ndugu Asheri!

"Alikuwa anatetemeka," Nyanya akasema. "Ungetaka nimwache afe shambani kwangu, halafu niwaambie nini watu wa mradi?"

Anafundisha akina mama kupandikiza. Kijiti cha Hass, ovakado ya kuuza nje, juu ya ovakado yetu ya kienyeji, kisu kimoja, ukanda wa nailoni. Miche ishirini ya Nyanya amefunga yeye. Akanipa kisu nijaribu mmoja. Mkato wangu ukaenda upande. Akasema haina neno, mti huwa unasamehe kidogo, akaushika nikaufunga. Nikajua utakufa.

Nyanya alimpakulia kimanga, mihogo na maharagwe ya kuponda, kwanza. Kwanza! Mimi mjukuu wake nimekaa hapo hapo. Akamwita "mwanangu". Mtu wa miaka sitini na minane.

Njiani kurudi Voi nilikuwa na donge moyoni, nikihesabu vyake. Ana nchi ambayo Yesu mwenyewe alitembea. Ana lugha ya manabii. Kiti cha mto anacho. Na mimi nina nini, isipokuwa Nyanya mmoja na koti moja nyuma ya mlango?

Jumatano, 13 Agosti

Mchungaji aliniita saa nne. Alitabasamu kabla ya kusema, nikajua.

Somo la tarehe 24 atafundisha Ndugu Asheri. "Festus, wewe ni kijana mwelewa. Sura ya mti uliopandikizwa, na mpandikizaji tunaye, tena Myahudi. Ni kama Mungu amepanga." Nikasema sawa Mchungaji. Akasema mimi nitapata siku nyingine. Nikasema sawa Mchungaji.

Maelezo yangu yana kurasa kumi na moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Barua imefika.

Nimeitoa posta mwenyewe. Bahasha ya kaki, jina la kanisa la Haifa pembeni. Mhuri wa posta yetu: 12 Agosti. Imeandikwa kwa karani, kwa hiyo nina haki kuifungua. Nimeifungua.

Kiingereza kizuri. Ukurasa mmoja, sahihi tatu, mhuri wa buluu. Ndugu huyu alikuwa shemasi wetu miaka kumi na tisa. Aliosha vyombo kuliko alivyohubiri. Tunamwachilia kwenu kwa machozi. Na mwisho: tunawaomba msimpe nafasi ya kwanza wala ya mwisho, mpeni nafasi tu.

Nikaisoma mara tatu. Nikafungua kabati la chini, faili la barua za mazishi 2019 ambalo hakuna anayeligusa, nikaiweka humo.

Siku moja tu. Kesho nitaitoa. Na yeye angoje kidogo, kama wengine tunavyongoja.

Jumapili, 17 Agosti

Sijaitoa.

Ijumaa, 22 Agosti

Ndugu Asheri kaja ofisini. Kasimama mlangoni mpaka nimemkaribisha, kama vile ofisi ni yangu. Amesikia kwamba somo lilikuwa langu. Hakujua. Aliomba kwa Mchungaji nirudishiwe, Mchungaji akasema ratiba imeshatangazwa. Basi anaomba aone maelezo yangu, kama sitajali.

Nilitaka kukataa. Nimempa. Miguu yake ilikuwa karibu na lile kabati, hatua moja.

Akaondoka akisema asante mara mbili.

Jumapili, 24 Agosti

Alianza hivi: "Maelezo haya ni ya Festus. Mimi namsomea tu. Na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu." Watu wakageuka kunitazama. Mama Wakesho akapiga kigelegele. Ndiyo makofi yangu hayo, nimepewa na yeye! Nilitamani sakafu ipasuke.

Halafu akaweka karatasi zangu chini akasema maneno yake. Naandika ninavyokumbuka.

Watu hapa wananiambia mimi ni mzizi. Mimi si mzizi. Mzizi ni Mungu na ahadi yake kwa baba zetu. Mimi ni tawi. Siku niliyotaja jina la Yesu mezani kwa baba yangu, dada yangu aliinuka akaondoa sahani yangu. Hakugomba. Aliiondoa, akaenda kuiosha. Na nyinyi ni matawi, mmeletwa kutoka shamba jingine. Lakini yakishashika, matawi hayaulizani nani aliletwa na lori.

Watu wakacheka kwa hilo la lori.

Kisha akasema Paulo alitaka ndugu zake Wayahudi wawatazame watu wa mataifa, waone wivu, warudi. "Kwangu mimi imefanya kazi," akasema. "Nawaonea wivu." Wakacheka tena. Nilikuwa namtazama usoni. Yeye hakucheka.

Hata unyenyekevu amenishinda. Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama angekuwa na majivuno.

Jumanne, 26 Agosti

Kikao. Dakika tano tu juu yake.

Mzee Mulei: barua? Mchungaji akanigeukia. "Karani, umeenda posta wiki hii?" Nikasema nimeenda. Kweli nilienda. "Na hakuna?" Nikatikisa kichwa. Kutikisa tu. Sikutoa neno.

Lakini kumbukumbu haziandikwi kwa kutikisa kichwa. Mzee Mulei akasema, andika: barua haikufika. Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri. Barua haikufika.

Mchungaji akafunga macho kidogo. Akasema tutamwambia baada ya Meza kwamba jambo limefungwa, tusimharibie Jumapili. Mzee Mulei akasema kanuni ni kanuni, hata yeye haijamfurahisha. Sikumwamini.

Sijala chakula cha mchana. Nikifukuzwa nitakwenda wapi? Nani anaajiri karani aliyeficha barua ya kanisa?

Jumatatu, 1 Septemba

Werugha. Jua leo, mpaka unaona tambarare yote chini.

Koti limerudi nyuma ya mlango. Ndugu Asheri kalirudisha Ijumaa, limefuliwa, limepigwa pasi. Nyanya akaniona nalitazama. "Si ulivae basi. Kila ukija unaliangalia kama paka."

Nikalivaa. Mikono iliniishia hapa, karibu na kiwiko. Mabega yakanibana. Miaka kumi na minne nimelitamani, na Babu alikuwa mtu mfupi! Sikujua. Nilikuwa mdogo, nilimwona mrefu. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka pia, halafu nikaona nalia, nikatoka nje.

Nje kuna miche. Yake kumi na saba imeshika, mitatu imekufa. Wangu sikutaka kuutazama. Nyanya kanishika mkono kunipeleka. Una vijani viwili, vyekundu bado, mkato umepinda kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Nikamuuliza Nyanya juu ya Mzee Mulei, kwa nini ni mgumu hivi. Akanitazama. Hujui? Mulei alipokuja Voi kutoka Kitui, kijana kama wewe, wazee wetu hawakutaka Mkamba kwenye Meza. Hawakusema hivyo. Walisema barua yake haijafika. Miezi kumi na moja! Kila mwezi sahani inampita. Babu yako alikuwa mmoja wa wazee. Alijua, akanyamaza. "Hakuwahi kunywa chai nyumbani kwa Mulei mpaka anakufa. Aliona haya. Mulei naye, kanuni iliyompiga ndiyo aliyoishika. Angeiacha, ingekuwa aliteseka bure."

Sikuweza kumaliza kimanga.

Alhamisi, 4 Septemba

Kaja tena. Saa nane, joto, feni haifanyi kazi. Akaomba aone daftari la washirika. Kuliona tu.

Nikamfungulia. Alipitisha kidole bila kugusa karatasi. Jina, kabila, kijiji, tarehe ya ubatizo. Namba ya mwisho ni 411, mtoto kutoka Mbololo. "Kwa hiyo anayefuata ni mia nne kumi na mbili," akasema.

Nikamuuliza — sijui nilipata wapi ujasiri — kwa nini anajali. Ana kiti cha mbele. Anapigiwa makofi.

Akajibu, "Festus, kwetu wanasema mimi si Myahudi tena. Hapa mimi ni Myahudi tu. Mama Wakesho ni mtu mwema, lakini ananitaka nipulize pembe. Mzee Mulei anataka niache Jumamosi. Wote wawili wananitazama mahali pamoja. Hakuna anayeniuliza kama nimelala vizuri. Wewe una namba. Una nyanya anayekugombeza. Umekaa benchi la nne, na hakuna anayegeuka kukutazama. Hujui ni raha gani hiyo."

Benchi la nne. Anajua ninapokaa!

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Nikasema, "Ndugu Asheri, ile barua—" na Mama Wakesho akaingia na pembe ya mbuzi, imetobolewa, inanuka bado. "Karani! Jaribu wewe, una mapafu ya kijana!" Nikajaribu. Ikatoa mlio kama wa ndama. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, na barua ikabaki kabatini.

Kabla ya kutoka akasema, "Barua itakuja, usihangaike. Nimekuona unahangaika."

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeitoa kwenye faili. Iko kwenye mkoba wangu tangu asubuhi.

Nimewaza yote. Nichome bahasha, niseme barua imeletwa kwa mkono. Nani kaileta? Niseme ilikwama posta. Lakini mhuri ni wa posta yetu, 12 Agosti, na kwenye kitabu chao nilitia sahihi. Niitumbukize chini ya mlango wa Mchungaji nikimbie. Nikimbilie wapi, kesho nahesabu watu.

Saa kumi nilitembea mpaka mtaa wa Sofia, kwake. Nilitaka kumpa mkononi. Mlango umefungwa, ni siku yake. Dirisha wazi. Alikuwa anaimba peke yake, polepole, wimbo ambao hata mimi nimeusikia utotoni kwa sauti nyingine na maneno yetu. Nimesimama nje na bahasha. Wimbo wa mtu mmoja ambao umetungwa uimbwe na wengi.

Sikubisha. Nilisema moyoni ni kwa heshima ya Sabato yake. Uongo. Ni woga.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika ofisini. Ibada imeanza, wako kwenye wimbo wa pili. Baada ya wimbo wa nne Mchungaji atauliza, kama kanuni inavyotaka, "Karani, kuna barua yoyote?" na mimi nitasimama niseme ipo au haipo.

Nimefungua daftari. Nimeandika 412. Wino, si penseli. Jina lake. Kwenye kabila nimeandika Myahudi, kama nilivyoandika Mkamba, Mtaveta, Mdawida kwa wengine, herufi za ukubwa ule ule. Kijiji: Sofia, Voi.

Mezani pangu kuna vitu viwili. Kumbukumbu za tarehe 26, ukurasa wa pili, barua haikufika. Na barua.

Kupitia mlangoni namwona Ndugu Asheri, kisogo chake. Kiti cha mto kiko tupu. Leo kahamia benchi la nne, pembeni ya nafasi yangu. Mama Wakesho amemfuata kumrudisha mbele, akakataa kwa mkono. Wamebanana pale, lakini nafasi yangu ameiacha.

Donge liko bado. Nilidhani litaondoka. Halijaondoka, na nimeandika 412 hata hivyo.

Wimbo wa tatu.

Mzee Mulei ameingia. Amekuja kuniita, wananihitaji nikae karibu leo. Anadhani naandika hesabu ya watu. "Maliza, kijana, sina haraka." Amekaa kwenye kiti cha wageni. Mkongojo katikati ya magoti. Anapumua kwa nguvu, ngazi zimemchosha.

Ananiuliza, bila kunitazama, kama ni kweli hakuna kitu posta. Kasema, "Mimi nilingoja miezi kumi na moja, unajua? Bado nakumbuka harufu ya ile sahani."

Naandika. Bahasha iko mezani, mhuri juu, tarehe inasomeka. Daftari liko wazi upande wake. Ningeweza kuweka kitabu hiki ninachoandikia juu ya bahasha. Kinatosha kuifunika.

Sijaifunika.

Wimbo wa nne umeanza. Mzee Mulei anatoa miwani mfukoni.